Uzi: Yannick Noah, kazi kubwa aliyoifanya akiwa ameketi kwenye benchi

MwanaKatuba (Lubumbashi), mleta uzi

Kila Roland Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Paris, ikifika, ile video ya 1983 inazunguka tena kwenye simu zetu. Yannick Noah, kijana mwenye rasta, ameshinda, baba yake anaruka kutoka jukwaani hadi uwanjani, wanakumbatiana mbele ya Paris nzima. Mjadala unaishia hapo, mpaka mwaka ujao. Mimi nasema Noah tunamjua nusu. Lile kombe alilichukua na raketi yake mwenyewe. Yaliyofuata aliyachukua akiwa amekaa pembeni, raketi ziko mikononi mwa wengine, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Nitaandika kwa urefu. Anayetaka kupinga apinge, uzi ni wetu sote.

Tuanze na kwao, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Baba yake, Zacharie Noah, alikuwa Mkameruni aliyekwenda Ufaransa kucheza mpira. Alikuwa beki wa Sedan, na mwaka 1961 timu hiyo ikabeba Kombe la Ufaransa. Mama yake, Marie-Claire, alikuwa mwalimu, Mfaransa. Yannick alizaliwa palepale Sedan tarehe 18 Mei 1960. Baba akaumia, mpira ukaisha, familia ikarudi Yaoundé mtoto akiwa bado mdogo. Kwa hiyo tenisi alijifunzia Afrika, kwenye klabu ya mjini, kama watoto wengi wa kwetu waliojifunzia kwenye viwanja vilivyoachwa na Wazungu.

Mwaka 1971 Arthur Ashe akapita Yaoundé katika ziara yake ya Afrika. Kwa wasiomjua: Ashe ni Mmarekani mweusi aliyeshinda US Open 1968 na Australia 1970, na baadaye Wimbledon 1975. Alicheza kidogo na watoto wa pale, akamwona huyu wa miaka 11 anavyopiga mpira wa kuanzisha. Hakuishia kumpigia makofi. Alimwachia raketi, akawasiliana na Philippe Chatrier wa shirikisho la tenisi la Ufaransa, akamwambia huyu mtoto msimpoteze. Basi Yannick akapelekwa Nice, kwenye shule inayochanganya masomo na michezo, mbali na mama, mbali na kila alichokijua.

Watu hulisimulia hili kama bahati. Mimi naliona tofauti. Ashe alikuwa mchezaji wa juu kabisa, amechoka na safari, ratiba yake imejaa, na bado akapata muda wa kumtazama mtoto wa mtu mwingine na kufanya kazi ya kumtafutia njia. Sifa za mtoto zilikuwepo kabla Ashe hajafika, na zingebaki Yaoundé kama angepita bila kupiga simu. Shikeni jambo hili, nitalirudia nikifika kwenye ukocha.

Uchezaji wake nitaupitia haraka. Aliingia ulipwa mwaka 1977, taji la kwanza akalipata Manila 1978. Mwaka huohuo alicheza Wimbledon wawiliwawili, na mwenzake uwanjani alikuwa Ashe mwenyewe. Kwa jumla alichukua mataji 23 ya mchezaji mmoja na 16 ya wawili. Kwenye orodha ya dunia alifika nafasi ya 3 mwaka 1986, na kwa wachezaji wawili akawa wa kwanza mwaka huohuo.

Sasa fainali ya 5 Juni 1983. Mats Wilander, Mswidi wa miaka 18, alikuwa bingwa mtetezi. Roland Garros huchezwa kwenye udongo, na udongo unapunguza kasi ya mpira na kuurusha juu, kwa hiyo wengi hukaa nyuma ya mstari na kurudisha mpaka mwenzao achoke. Wilander alikuwa fundi wa hilo, angekurudishia mipira hadi jioni. Noah hakukubali kuingia kwenye mchezo huo. Alikata mpira uwe chini, akakimbia mbele kwenye wavu, akamlazimisha kijana atafute njia ngumu ya kumpita, mpira ukiwa kwenye magoti. Seti ya kwanza 6-2, ya pili 7-5, ya tatu 7-6. Katika mashindano yote alipoteza seti moja tu, dhidi ya Ivan Lendl kwenye robo fainali. Raketi ilikuwa ya mbao, na hutajwa kuwa mwanamume wa mwisho kubeba kombe kubwa namna hiyo kwa raketi ya mbao.

Mfaransa wa mwisho kabla yake alikuwa Marcel Bernard, mwaka 1946. Baada yake, hadi 2025, hakuna mwingine kwa upande wa wanaume.

Jambo moja halizungumzwi sana. Kombe lile lilimwelemea. Ghafla akawa mali ya Ufaransa nzima, hawezi kutoka nje, na mwenyewe amesimulia hadharani kwamba kipindi kile kilimfikisha mahali pabaya sana kimawazo. Alihama Paris akaenda kuishi New York. Mtu aliyepita hapo anajua uso wa mchezaji unavyobadilika woga ukimwingia. Huwezi kumfundisha kocha jambo hilo kwenye karatasi.

MwanaKatuba, anaendelea

Mwaka 1991, akiwa na miaka 31, alikabidhiwa ukapteni wa timu ya Ufaransa ya Kombe la Davis, yale mashindano ya wanaume ya nchi kwa nchi. Kapteni huyu hachezi, anachagua wachezaji na kukaa nao kwenye benchi. Ufaransa haikuwa imelishika kombe hilo tangu 1932. Yeye mwenyewe alikuwa na kidonda nalo: mwaka 1982 alicheza fainali Grenoble dhidi ya Marekani, akapoteza kwa John McEnroe kwa seti tano, na Ufaransa ikalala.

Fainali ya 1991 ikawa Lyon, Marekani tena. Wamarekani walikuja na Andre Agassi na Pete Sampras. Ufaransa ilikuwa na Guy Forget, aliyekuwa kwenye ubora wake, na mtu wa pili? Noah akamchagua Henri Leconte. Mnajua Leconte alikuwa wapi? Nafasi ya 159 duniani, mgongo umetoka kupasuliwa mwaka uleule. Magazeti yalikuwa na haki ya kushangaa.

Noah alimjua Leconte kuliko magazeti. Walishinda pamoja Roland Garros ya wawili mwaka 1984. Alijua kwamba Leconte akiogopa anaharibu, na akipendwa na uwanja anaruka. Na alijua pia kwamba Sampras, pamoja na kipaji chote, alikuwa hajawahi kuchezea Kombe la Davis hata mara moja, wala hajaonja ukumbi mzima ukimpigia kelele mgeni.

Siku ya kwanza Agassi akamfunga Forget. Leconte akaingia, akampiga Sampras seti tatu mfululizo: 6-4, 7-5, 6-4. Kesho yake Forget na Leconte wakashinda ya wawili dhidi ya Flach na Seguso. Siku ya tatu Forget akammaliza Sampras kwa seti nne. Miaka 59 ikaisha. Noah akawaongoza kuzunguka uwanja wakicheza ngoma, wimbo wake mwenyewe, wa Kiafrika, mbele ya kamera za dunia.

Kama unaweza, tafuta picha za mechi ile ya Leconte na usiangalie mpira. Angalia kiti. Wachezaji wakibadilisha upande, Noah anasogea karibu sana, uso kwa uso, anaongea, na Leconte akisimama unaona mabega yake yameshuka, amepumua.

Mtoto wa Kivu (Bukavu)

Mleta uzi, aksanti kwa historia, imeniingia. Ila nikupinge kidogo. Kapteni wa Davis si kocha. Kocha ni yule anayeamka na mchezaji saa kumi na moja asubuhi, anamrekebishia mkono, anasafiri naye mwaka mzima. Kapteni anakuja wiki moja, anakuta chakula kimeiva. Forget na Leconte walifundishwa na watu wengine ambao leo hatuwataji. Pia Ufaransa ina pesa, ina viwanja, ina shule. Mpe Noah timu ya Kongo tuone.

MwanaKatuba

Mtoto wa Kivu, hoja yako ina uzito na siikwepi. Kweli, kapteni hakumfundisha Forget kushika raketi. Na wale makocha wa asubuhi wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa, hapo tuko pamoja.

Lakini angalia kanuni zenyewe. Katika tenisi ya kila wiki, kwa miaka mingi kocha alikatazwa kumsemesha mchezaji wakati wa mechi. Alikaa jukwaani kimya, na akionekana anatoa ishara mchezaji anaadhibiwa. Ni juzi tu, kuanzia 2022, wanaume walipoanza kuruhusiwa kwa majaribio. Kombe la Davis ndilo mahali ambapo mtu wako alikaa ndani ya uwanja, kwenye kiti kando yako, na kukusemesha kila mnapobadilisha upande. Dakika moja na nusu. Ndani ya dakika hiyo na nusu huwezi kumrekebishia mtu mkono. Unaweza kumpa jambo moja la kufanya, au unaweza kumvuruga kabisa. Kujua jambo hilo moja ni lipi, kwa mtu huyu, saa hii, ni ukocha, tena wa kiwango cha juu.

Tena hakufanya mara moja ukasema alibahatisha. Mwaka 1996 walikwenda Malmö kwa Waswidi. Ikafika mbili kwa mbili, mechi ya mwisho, Arnaud Boetsch dhidi ya Nicklas Kulti, seti ya tano. Kulti akapata pointi tatu za kumaliza mechi, tatu mfululizo. Boetsch akazifuta zote, akashinda 10-8. Boetsch hakuwa jina kubwa. Siku ile alikuwa na mtu kwenye kiti aliyewahi kukalia kiti hicho kama mchezaji akapoteza, na aliyejua kwamba kwenye pointi kama hizo kitu cha kwanza kupotea ni pumzi.

Mwaka 1997 akawachukua wanawake, Kombe la Fed, ambalo kwao ni kama Davis, Ufaransa ilikuwa haijawahi kulishika. Wakalichukua Uholanzi, nne kwa moja, na akina Mary Pierce na Sandrine Testud. Halafu akaondoka, akaimba, akawa miongoni mwa watu wanaopendwa kuliko wote Ufaransa. Walipokwama wakamwita tena mwaka 2015, na mwaka 2017 huko Lille wakaifunga Ubelgiji tatu kwa mbili. David Goffin alishinda mechi zake zote mbili kwa Wabelgiji. Ya mwisho ikamwangukia Lucas Pouille, aliyekuwa amefungwa na Goffin siku ya kwanza. Noah akamrudisha uwanjani, akamchapa Steve Darcis 6-3, 6-1, 6-0. Katika timu hiyo alikuwemo Jo-Wilfried Tsonga, ambaye baba yake ni wa ng'ambo ya mto, Kongo Brazzaville.

Na alipoteza pia, niseme yote.  Fainali ya Davis 2018 Wakroatia wakaja kuwafungia palepale Lille. Kocha asiyepoteza hayupo.

Kuhusu kumpa timu ya Kongo: hapo umegusa mahali penyewe. Pesa na viwanja vya Ufaransa vilimfaa Noah kwa sababu kuna mtu alimtoa Yaoundé akampeleka kwenye hivyo viwanja. Swali langu kwetu si lini tutapata pesa za Ufaransa. Swali ni nani leo anawatazama watoto wa Katuba na Kenya, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, na akimwona mwenye kipaji, anampigia nani simu? Kwenye mpira jibu lipo. Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, ilipofika fainali ya dunia ya vilabu, Abu Dhabi, Desemba 2010, kocha alikuwa Lamine N'Diaye, mchezaji wa zamani wa Senegal. Mtoto wa Kamalondo, mtaa wenye uwanja wa Mazembe, anajua kabisa ngazi inapoanzia. Kwenye tenisi ngazi ile haina vidato vya chini.

Fundi wa Likasi

Wanangu, mimi ni mzee kidogo kwenye kijiwe hiki, nisemeshe na mimi.

Mnasema viwanja. Sisi tulikulia kwenye seriko, yaani vilabu, za kampuni ya migodi, enzi za Union Minière, halafu Gécamines. Viwanja vile havikujengwa kwa ajili yetu. Sisi tuliingia kama waokota mipira. Ndiko nilikojifunzia tenisi, kwa macho. Unakimbia, unaokota, unamrushia mkubwa, na huku unatazama mguu wake unakaa wapi. Jioni wakubwa wakienda kunywa, mlinzi mwema anakuachia nusu saa ukutani na raketi iliyokatika nyuzi mbili. Wengi wa watu ninaowajua waliofundisha tenisi Katanga walipitia mlango huo, hakuna shule iliyowapa karatasi.

Na udongo wenyewe, hakuna aliyetuletea kutoka Paris. Unabomoa kichuguu, unaponda ule udongo uwe unga, unauchekecha mawe yatoke. Unautandaza, unaumwagia maji taratibu, unavuta rola ya chuma juu yake, unaacha ukauke kidogo, unamwagia tena, unavuta tena. Ukiharakisha unapasuka. Ukifanya vizuri unakuwa mgumu na laini kwa pamoja, mpira unaruka sawasawa. Mistari tunapiga kwa chokaa na kamba. Kiangazi, Julai na Agosti, upepo unaondoa vumbi la juu, lazima umwagie kila asubuhi kabla ya mchezo. Mvua zikianza Novemba kazi yako inaoshwa usiku mmoja, unaanza upya. Aliyetunza kiwanja namna hiyo anakijua mpira utakavyoruka kabla haujagusa chini. Hilo lilinisaidia kufundisha kuliko maneno.

Huyo Noah nilimpenda kwa kitu kingine. Baada ya kupata kila kitu hakuwasahau watoto. Mwaka 1996 alianzisha Fête le Mur, kupeleka tenisi kwenye mitaa ya watu maskini Ufaransa, kwenye kuta za majumba. Kuta, wanangu. Palepale tulipoanzia sisi. Na nilisikia fahari aliporudi kukaa Yaoundé kwenye mji wa baba yake.

MwanaKatuba

Papa Fundi, aksanti sana. Ulichoandika kuhusu kichuguu kingefaa kuandikwa na kuwekwa mahali, kabla wanaojua hawajaisha. Naomba ruhusa niwasomee vijana ninaowafundisha.

Niongeze la Papa: mwaka 2024, michezo ya Walemavu Paris, Noah aliiongoza timu ya Ufaransa ya tenisi ya viti vya magurudumu. Na 2025 alikabidhiwa timu ya Ulaya kwenye Laver Cup, mashindano ya Ulaya dhidi ya dunia nyingine, kuchukua nafasi ya Björn Borg. Walifungwa San Francisco. Alikuwa na miaka 65, na bado alikuwa kwenye kiti.

Mama wa Ruashi

Habari za jioni baba zangu na kaka zangu. Mimi sijui tenisi, nimesoma tu uzi huu mpaka mwisho. Binti yangu ana miaka tisa, anapiga mpira ukutani na ubao wa jikoni tangu alipoona kwenye televisheni. Baba yake anasema ni mchezo wa matajiri. Raketi nimeona sokoni ya mitumba, kubwa, ya mtu mzima. Ninunue? Na je, kuanza miaka tisa si kuchelewa?

MwanaKatuba

Mama, habari njema. Hajachelewa. Anayepiga ukutani bila kutumwa na mtu yuko mbele ya watoto wengi wanaoletwa kwa gari.

Raketi ile ya mtu mzima usinunue. Itamvuta mkono, atajifunza kupiga kwa bega, na baadaye kulitoa kosa hilo ni kazi. Mtoto wa miaka tisa anafaa raketi ya inchi 25. Ukikosa, ubao alionao ni bora kuliko raketi nzito, kweli kabisa. Atajifunza kuukutanisha mpira katikati.

Mipira nayo ina ngazi. Kuna yenye alama nyekundu, polepole kuliko yote, halafu ya chungwa, halafu ya kijani, ndipo ile ya njano ya kawaida. Tangu 2012 sheria za dunia zinataka mashindano ya watoto wa chini ya miaka kumi yatumie hiyo ya polepole, na kiwanja kifupishwe. Cha chungwa kina urefu wa mita 18, badala ya 23.77 za wakubwa. Hapa Lubumbashi tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira wa njano unakimbia zaidi kuliko pwani. Mtoto mdogo anaukuta umeshampita au uko juu ya kichwa. Hiyo mipira maalumu ni adimu hapa, kwa hiyo sisi tunatumia ya njano iliyochakaa, iliyopoteza manyoya na pumzi. Inaruka chini, inamngoja mtoto. Vilabu huitupa. Waombeni.

Kuhusu baba yake, usigombane naye. Mwombe aje amwone akipiga ukutani kwa dakika kumi, asiseme kitu, atazame tu. Na ukiweza mlete binti Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda. Nitakuandikia faraghani mahali penyewe. Aje na kofia, chupa ya maji na viatu vyovyote visivyoteleza. Ubao wake wa jikoni aje nao pia, nataka wenzake wauone.

Papa Fundi, na wewe kama uko njiani kuja Lubumbashi siku hiyo, tuna rola ya kuvuta.

Fundi wa Likasi

Nitakuja. Mumwagie maji Ijumaa jioni, msingoje asubuhi.